Ukalo Chini ya Mkungu



Miezi michache iliyopita kamati ya kitabu hiki cha maadhimisho iliniletea kurasa za picha ili nihakiki majina ya wazee. Picha moja ilinisimamisha. Inaonyesha sufuria kubwa juu ya mafiga, chini ya mkungu ulioko uani, na wasichana wawili wakigawa vikombe. Chini yake vijana wetu walikuwa wameandika kwamba hiyo ni chai ya viungo, ikichemshwa uani kama ilivyokuwa desturi ya wahenga wetu tangu kale. Niliisoma mara mbili. Katika mstari mmoja mlikuwa na makosa matatu: kile si chai, wahenga wetu hawakukichemshia uani, na hakuna cha tangu kale. Niliomba nipewe kurasa chache nisahihishe. Mimi si mwanahistoria. Niliishia kidato cha nne, kisha nikaingia dukani kwa baba. Lakini vitu vyote vilivyomo ndani ya sufuria ile vimepita juu ya mizani yangu kwa zaidi ya miaka arobaini, na jambo la mafiga yale nililishuhudia kwa macho yangu.

Nianze na jina. Kinywaji kile kwa Kigujarati huitwa ukalo, kutokana na kitenzi chenye maana ya kuchemsha. Hakina majani ya chai hata chembe. Ni maji, mizizi, magome, mbegu na majani mabichi, yanayochemshwa mpaka maji yapungue. Vitabu vya kale vya Ayurveda vina mchanganyiko uitwao trikatu, maana yake vikali vitatu, nao ni tangawizi kavu, pilipili manga na pilipili ndefu. Bibi zetu hawakuvisoma vitabu hivyo, wengi wao hawakujua kusoma kabisa, lakini mtoto alipokohoa walijua mkono uende kwenye kopo lipi.

Chai ya majani ilitufikia baadaye sana. Kuna wanaodhani kwamba Mhindi na chai walizaliwa siku moja. Kwa hakika Waingereza walianza kuushughulikia mchai wa Assam katika miaka ya 1820 na 1830, na shehena ya kwanza ya chai ile ilinadiwa London mwaka 1839. Ililimwa kwa ajili ya Uingereza. Katika Kathiawad, nchi ya babu zangu, watu walikunywa maziwa, tindi na ukalo. Ilipofika karne ya 20 ndipo wafanyabiashara wa chai walipoanza kuwashawishi Wahindi wenyewe wainywe, na kampeni kubwa zilifanyika katika miaka ya 1930. Wauzaji wa barabarani wakaona majani ni ghali. Wakapunguza majani, wakaongeza maziwa, sukari, tangawizi na iliki. Wenye makampuni hawakufurahi, kwa kuwa viungo vilikula faida ya majani. Basi chai ya masala mnayoiona leo katika kila hoteli ni chai iliyovishwa nguo za ukalo. Mahatma Gandhi, mwana wa Porbandar, aliyepita Lamu, Mombasa na Unguja mwaka 1893 akielekea Afrika Kusini, aliandika dhidi ya unywaji wa chai, na nyumbani kwetu babu aliufuata msimamo huo mpaka alipofariki. Baba hakuufuata. Alikunywa vikombe sita kwa siku, akimimina katika kisahani na kupuliza, na babu akimtazama kwa huzuni.

Lugha zetu mbili zimehifadhi habari hizi vizuri kuliko sisi wenyewe. Yale majani marefu yenye harufu ya limau Wagujarati tunayaita lili cha, yaani chai mbichi ya kijani, na Waswahili wanayaita mchaichai. Watu wawili wa pwani mbili, kila mmoja kwa lugha yake, waliyatazama majani yaleyale wakayapa jina la chai, ingawa hayana udugu wowote na mchai. Iliki kwetu ni elchi. Msikilizaji hahitaji mkalimani. Mdalasini umetoka katika jina la Kiajemi lenye maana ya mti wa China. Na sukari guru, ambayo vijana hudhani imepewa jina la mwalimu wa dini, haina ualimu wowote. Ni gur, sukari ya miwa isiyosafishwa. Neno moja tu lilinipa taabu utotoni. Sufuria ndogo ya kuchemshia ukalo kwa Kigujarati ni tapeli. Siku moja mama alinituma kwa jirani, nami nikabisha hodi na kusema kwa adabu zote kwamba mama anaomba tapeli wetu arudishwe. Mume wa jirani yule alitoka nje akiwa amekunja uso.

Sasa niseme juu ya karafuu, maana hiyo ina historia nzito na haifai kupitwa kwa haraka.

Asili ya karafuu ni visiwa vya Maluku, mashariki ya mbali. Waholanzi waliilinda kama dhahabu, hata Mfaransa Pierre Poivre alipofanikiwa kupata miche na kuifikisha Mauritius mwaka 1770. Kutoka visiwa vile vya Wafaransa ikaletwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na anayetajwa ni Mwarabu wa Omani, Saleh bin Haramil Al-Abri. Sayyid Said akaamuru ipandwe kwa wingi. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliangusha mikarafuu mingi sana ya Unguja, na Pemba ikabaki kuwa ndiyo shamba kuu. Tunapojivunia kwamba mababu zetu wa Kutch na Kathiawad walishika biashara ya karafuu, na kwamba nyumba ya Jairam Shivji ilikodi forodha ya Unguja kwa miaka mingi, yatupasa tukumbuke nani alipanda na kuchuma. Walikuwa watumwa. Fedha za mikopo ya mashamba yale zilitoka kwa kiasi kikubwa katika madaftari ya wafanyabiashara wetu. Sijaona jambo hili likiandikwa katika vitabu vya maadhimisho kama hiki, nami naliandika.

Baadaye karafuu hiyohiyo ikawa sababu ya mgomo. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ya Unguja iliunda chama cha wakulima wa karafuu, na mwaka 1937 sheria ikakipa chama hicho mamlaka makubwa juu ya uuzaji nje, hata wafanyabiashara wa Kihindi wakaona riziki yao inafungwa. Chama cha Congress huko India kikatangaza kwamba karafuu ya Unguja isinunuliwe. India ilikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa, na bei ikaumia mpaka maafikiano yalipopatikana mwezi Mei 1938. Nyanya yangu wakati huo alikuwa bado msichana kijijini karibu na Jamnagar. Alitusimulia kwamba kipupwe kile walichemsha ukalo bila karafuu, na kwamba shangazi yake aliificha karafuu nne ndani ya kitambaa, akaitumbukiza usiku watu walipolala, kwa sababu mtoto wake alikuwa akiumwa jino. Aliposimulia alicheka, lakini kila mara alimalizia kwa kusema kwamba wakulima wa Pemba nao walikuwa na watoto.

Hapa Tanga karafuu si fahari yetu. Fahari yetu ni iliki. Wajerumani walipoanzisha kituo chao cha utafiti wa kilimo Amani, katika Usambara Mashariki, mwaka 1902, walikusanya mimea kutoka pande nyingi za dunia, na milima ile ikazoea wageni: mchai, mdalasini, mkwinini, iliki. Iliki hupenda ubaridi na kivuli. Wakulima waliiotesha chini ya miti mikubwa ya msitu, wakaiteremsha Muheza kwa magunia, na kutoka huko ikafika dukani kwetu. Nakumbuka gunia likifunguliwa asubuhi, mtaa mzima ulijua. Wataalamu wa misitu walilalamika kwamba kilimo kile kinaumaliza msitu kwa chini, na baada ya hifadhi ya Amani kutangazwa mwaka 1997 mambo yalibadilika. Walikuwa na haki, ingawa mimi kama mnunuzi sikulipenda jambo hilo wakati ule. Ikiwa unanunua iliki, pasua moja mbele ya muuzaji. Mbegu ziwe nyeusi na zenye kunata kidogo. Zikiwa za kahawia na kavu kama mchanga, mrudishie.

Mama yangu, ambaye sote tulimwita Ba, alichemsha ukalo hivi, na nimeupima ili msomaji asiseme nimeficha. Kwa watu wanne alipima vikombe vitano vya maji. Tangawizi ya ukubwa wa dole gumba aliitwanga katika kinu kidogo cha shaba pamoja na iliki nne na maganda yake, pilipili manga tano na karafuu mbili. Si tatu, karafuu ya tatu hutia ganzi ulimi, na ndiyo maana madaktari wa meno huitumia mafuta yake. Kijiti cha mdalasini kirefu kama kidole kidogo alikivunja kwa mkono. Hivyo vyote viliingia katika maji yakiwa bado baridi, kwa kuwa mizizi na magome ni vigumu, vinataka muda kuachia nguvu yake. Vilichemka kwa moto wa wastani mpaka kikombe kimoja kikapotea. Hapo ndipo aliposhusha sufuria, akatia majani matatu ya mchaichai yaliyofungwa fundo na majani kumi ya tulsi, akafunika kwa dakika tano. Majani mabichi hayachemshwi. Harufu yake ndiyo dawa yake, nayo hupaa na mvuke. Ukiisikia jikoni kote jua kwamba haimo tena kikombeni. Sukari guru ilitiwa mwisho, kipande cha ukubwa wa kokwa ya tende. Mwenye kisukari asidanganywe na jina, sukari guru ni sukari.

Unywewe moto, taratibu, jioni za Juni na Julai upepo wa kusi unapoleta mafua. Hutuliza koo na hulegeza kifua. Hauponyi homa ya mapafu wala malaria, na Ba, pamoja na imani yake yote katika kinu kile, alitupeleka hospitali bila kusita homa ilipofika siku ya pili.

Hekaluni ukalo ulichemshwa kwa ajili ya waimbaji. Usiku tisa wa kuimba garba hukausha koo la yeyote. Wakati wa utoto wangu kazi hiyo ilifanywa na akina mama sita au saba katika jiko la ndani, lile la upande wa kaskazini, na sisi watoto tulikatazwa kuingia na viatu. Kisha ikaja sheria ya mwaka 1971 ya kutaifisha majengo. Familia baada ya familia zikafunga masanduku: wengine Uingereza, wengine Kanada, wengine kwa ndugu huko Gujarat. Mwishoni mwa muongo ule jiko lilibakiwa na Ba na mjane mmoja mwenye macho mabovu.

Ndipo alipoingia mtu ambaye jina lake halimo katika orodha yoyote ya kitabu hiki. Alikuwa mama wa Kibondei kutoka upande wa Muheza, Mwislamu, aliyekuwa akifagia uwanja wa hekalu na kuuza iliki na tangawizi sokoni Ngamiani saa za mchana. Sisi tulimwita Bibi, basi. Ba alipoishiwa nguvu za kutwanga, Bibi alitwanga. Ba alipougua, Bibi alichemsha peke yake. Miaka ya 1983 na 1984, sukari ilipokuwa ya foleni na wenye maduka tukiishi kwa hofu ya kuitwa wahujumu uchumi, yeye ndiye aliyejua nani anakamua miwa na kupika sukari guru, akaileta kichwani ikiwa imefungwa majani ya mgomba. Aidha yeye ndiye aliyetufundisha mchaichai. Naomba vijana walisome hili tena: Ba hakuutumia mchaichai mpaka Bibi alipouleta kutoka shambani kwake. Huko Kathiawad wengi huutia, lakini katika sufuria ya hekalu letu ulitoka Muheza.

Mwaka 1984, wiki mbili kabla ya Navratri, kiliitishwa kikao. Baadhi ya wanachama walisema kwamba si sahihi mtu asiye wa dini yetu kupika katika jiko linalotayarishiwa prasad, sadaka ya mungu. Wengine walisema ukalo si prasad. Maneno yakawa makali. Mimi nilikuwa na miaka ishirini na minne, na nilikuwa nimekaa karibu na mlango kama mwakilishi wa baba. Nilijua mikono ile imewahi kuninywesha ukalo nilipokuwa na kifaduro. Sikusema neno. Ikaamuliwa kwamba ukalo utachemshwa nje, uani, na kwa kuwa nilikuwa kijana, nikatumwa mimi kumwarifu.

Nilimkuta akimenya tangawizi kwa kijiko. Nilizunguka sana kwa maneno: joto la jiko, moshi, nafasi ndogo. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Moto ni moto, baba. Nionyesheni tu pa kuweka mafiga." Nikamwonyesha chini ya mkungu, kwa sababu palikuwa na kivuli. Hiyo ndiyo desturi ya tangu kale.

Alichemshia pale kwa miaka kumi na tisa. Mvua ikinyesha, alishikilia mwavuli kwa mkono mmoja na upawa kwa mkono mwingine. Tulsi yetu haichumwi baada ya jua kuzama, wala siku ya Jumapili. Ni sheria ambayo nyumba nyingi zimeisahau. Yeye hakuisahau. Mara nyingi nilimsikia akiwafokea mabinti zetu saa kumi na moja jioni, "Haya, kachumeni majani, jua linatua!" Mwaka mmoja ukame uliua chungu cha tulsi, akaleta kivumbasi kutoka porini, akauliza kwanza kama kinaruhusiwa. Mzee mmoja, miongoni mwa wale waliosema sana katika kikao cha 1984, alijibu kwamba kinaruhusiwa, akanywa vikombe viwili. Ladha yake ilikuwa kali zaidi na nadhani ilikuwa bora, ila Ba hakukubali kamwe.

Ba alifariki mwaka 1996. Wake wa ndugu zangu, waliotoka Dar es Salaam na Nairobi, hawakujua vipimo, na Ba hakuwahi kuandika chochote. Walikwenda chini ya mkungu na daftari. Kwa hiyo vipimo nilivyoviandika hapo juu kwa jina la mama yangu vimetoka kinywani mwa Bibi, na nikitaka kuwa mkweli siwezi kusema kwa hakika ni kipi cha mmoja na kipi cha mwingine, isipokuwa mchaichai.

Katika daftari la mihtasari la mwaka 1984, ambalo katibu wetu amenifungulia, jambo hili limeandikwa kwa Kigujarati kwa mstari mmoja, kati ya ukarabati wa paa na bei ya samli. Sababu haikutajwa. Asiyejua atadhani lilikuwa jambo la moshi, kama nilivyomwambia yeye.

Nimependekeza kwa kamati mambo mawili. Maelezo ya picha yabadilishwe, na hilo limekubaliwa. La pili, kwamba mwaka huu sufuria irudi ndani. Hilo bado linajadiliwa. Jiko la ndani sasa ni la gesi, lina feni na marumaru, lakini akina mama wenyewe wamekataa. Wanasema chini ya mkungu kuna upepo, na majirani hupita wakapata kikombe bila kuvua viatu. Sikuwa na jibu.

Bibi alifariki mwaka 2006 na akazikwa kwao. Mjukuu wake hutuletea iliki mpaka leo, na yeye hupasua moja mbele yangu kabla sijaomba. Kinu cha shaba ambacho Ba alimpa kilirudishwa na familia yake baada ya mazishi, kikiwa kimesuguliwa hadi kinang'aa. Kimo katika stoo ya hekalu, rafu ya pili kushoto. Anayetaka kukiona amwombe mlinzi ufunguo.